UZI: Makundi mawili hayajatawanyika sawa, na bado tunayapima kana kwamba yako sawa

Mwenye uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Uzi huu ni mrefu, mwenye haraka auhifadhi asome baadaye. Nimeuandika kwa sababu kila nikisaidia watu kuchambua data nakutana na jambo lilelile: mtu analinganisha wastani wa makundi mawili, anachukua kipimo cha t cha kawaida (kinachouliza kama tofauti ya wastani mbili ni kubwa kuliko bahati tu), ananakili thamani ya p (uwezekano wa kuona tofauti kubwa kiasi hicho au zaidi kama kwa kweli hakuna tofauti), kazi imeisha. Hajauliza kama makundi yake yametawanyika kwa kiasi kimoja. Mimi mwenyewe nilifanya hivyo kwa miaka kadhaa, na nitaanza na siku niliyoacha.

Yalikuwa mafunzo kazini. Watu 40 walifundishwa kwa njia ya zamani, watu 10 kwa njia mpya iliyokuwa majaribioni, kisha wote wakafanya mtihani mmoja. Kundi la zamani lilipata wastani wa 54, mkengeuko sanifu 5. Kundi jipya lilipata wastani wa 62, mkengeuko sanifu 15. Kwa ambaye hajazoea: mkengeuko sanifu unaonyesha alama zimesambaa umbali gani kutoka kwenye wastani. Ukiuzidisha kwa wenyewe unapata variansi. Hapa variansi ni 25 na 225, moja ni mara 9 ya nyingine.

Kipimo cha kawaida kilinipa t ya 2.86, digrii za uhuru 48 (kwa ufupi, kiasi cha taarifa ambacho makadirio ya mtawanyiko yamesimama juu yake), p takriban 0.006. Nikaandika kwenye ripoti kwamba njia mpya imeshinda kwa alama 8 na ushahidi ni mzito. Ripoti ikapokelewa vizuri, uamuzi ukapitishwa. Wiki chache baadaye mwenzangu mmoja akaniuliza: "Hao watu kumi, umeziona alama zao moja moja?"

Sikuwa nimeziona. Nilikuwa na wastani na mkengeuko tu. Hizi hapa:

78, 77, 74, 71, 70, 69, 51, 48, 43, 39

Zitazameni kwa utulivu. Wastani ni 62, lakini hakuna aliyepata 62, wala yeyote aliyeangukia kati ya 51 na 69. Sita walipaa. Wanne walishuka chini hata ya wastani wa njia ya zamani. Nilikuwa nimeandika "njia mpya ni bora" juu ya watu wanne ambao njia hiyo haikuwafaa kabisa, na hesabu yangu haikuwa na sehemu yoyote ya kuwaonyesha.

Sasa tuingie ndani tuone hesabu ilikosea wapi.

Kipimo cha kawaida huchukua variansi mbili na kuzichanganya ziwe moja. Kila variansi hupewa uzito kwa idadi ya watu wake, kasoro mmoja:

(9 × 225 + 39 × 25) ÷ 48 = 62.5

Kisha 62.5 hiyo inatumika kwa makundi yote mawili, kana kwamba ndiyo hali halisi ya kila kundi. Si hali ya yeyote. Watu 40 waliotulia wamewafunika watu 10 waliotapakaa, kwa sababu tu ni wengi. Kosa sanifu la tofauti, yaani kiasi ambacho tofauti yenyewe inaweza kuyumba kwa bahati, linatoka 2.80, na 8 ukiigawa kwa 2.80 unapata ile 2.86 iliyonifurahisha.

Njia ya Welch, mwanatakwimu aliyetengeneza kipimo cha t kisichodhani variansi sawa, haichanganyi. Kila kundi linabeba variansi yake na kuigawa kwa idadi yake lenyewe:

225 ÷ 10 + 25 ÷ 40 = 22.5 + 0.625 = 23.125

Kipeuo chake cha pili ni 4.81. Sasa 8 ÷ 4.81 ni 1.66. Digrii za uhuru, kwa fomula ya Welch na Satterthwaite, ni 9.5 badala ya 48. Thamani ya p inakuwa takriban 0.13.

Kutoka 0.006 hadi 0.13, na hakuna alama hata moja iliyobadilika.

Angalieni ile 22.5 kwenye jumla ya 23.125. Zaidi ya asilimia 97 ya mashaka yote yanatoka kwa watu kumi. Ndiyo maana digrii za uhuru zimeshuka hadi karibu 9, ambayo ni kumi kasoro mmoja. Kila nikiisoma namba hiyo huwa naielewa hivi: unachokijua kuhusu tofauti hii kimesimama juu ya watu kumi, hata kama jedwali lako lina hamsini. Kipimo cha kawaida kiliniambia kimesimama juu ya arobaini na nane.

Msoma jedwali

Mkuu, uzi umekuja wakati wake. Swali langu: kosa huwa upande mmoja siku zote? Yaani kipimo cha kawaida kikikutana na variansi tofauti, huwa kinatia chumvi tu?

Mwenye uzi

Hapana, na hapo ndipo wengi wanapopotea. Inategemea mtawanyiko mkubwa umekaa kwenye kundi lipi.

Chukua namba zilezile, ila ugeuze: watu 10 wawe na mkengeuko wa 5, watu 40 wawe na 15. Tofauti ibaki 8. Variansi ya kuchanganya sasa ni 187.5, kosa sanifu 4.84, t ni 1.65, p takriban 0.1. Kwa Welch: 25 ÷ 10 + 225 ÷ 40 = 8.125, kosa sanifu 2.85, t ni 2.81, digrii za uhuru karibu 44, p takriban 0.007. Safari hii kipimo cha kawaida kimeficha tofauti iliyo mbele ya macho.

Kwa hiyo kundi dogo likiwa ndilo lenye mtawanyiko mkubwa, unapiga kelele za tofauti isiyokuwepo. Kundi kubwa likiwa ndilo lenye mtawanyiko mkubwa, unanyamazia tofauti iliyopo. Ukubwa wa kosa si mdogo. Kwa idadi na mikengeuko ya mfano wangu wa kwanza, chukulia njia mbili hazitofautiani kabisa kwa wastani. Kipimo cha kawaida kilichowekwa kwenye kiwango cha 0.05 (p ikiwa chini ya hapo unatangaza tofauti) kitatangaza tofauti karibu mara 1 kati ya 4. Umeahidi kukosea mara 1 kati ya 20, unakosea mara 5 zaidi. Kwenye mfano uliogeuzwa, kitatangaza chini ya mara 1 kati ya 200, maana yake kimekuwa kiziwi.

Mwanafunzi wa usiku

Na makundi yakiwa sawa kwa idadi?

Mwenye uzi

Hapo unapumua. Weka 25 kwa 25, mikengeuko 15 na 5. Kosa sanifu linatoka 3.16 kwa njia zote mbili, hilohilo, na t ni 2.53 kwa zote. Tofauti iliyobaki ni digrii za uhuru: 48 kwa kawaida, karibu 29 kwa Welch. P inatoka 0.015 na 0.017. Kama bado hujakusanya data na uwezo wa kupanga unao, gawa makundi sawa kwa sawa. Inakukinga kuliko kipimo chochote utakachokimbilia baadaye.

Mzee wa darasa

Nimefundisha takwimu muda mrefu, naomba niweke neno. Kijana umeeleza vizuri, ila mbona umeruka hatua? Utaratibu unajulikana: kwanza unapima kama variansi ziko sawa, kwa kipimo cha Levene. Zikiwa sawa unatumia t ya kawaida, zisipokuwa sawa unakwenda kwa Welch. Hakuna sababu ya kuacha kipimo cha kawaida moja kwa moja.

Mwenye uzi

Mwalimu, shikamoo. Utaratibu huo ndio niliofundishwa na mimi, na nimeufuata kwa uaminifu. Naomba nieleze kwa nini nimeuacha, ukiona nimekosea unirekebishe.

Kipimo cha Levene, cha mwaka 1960, hufanya jambo jepesi: kinachukua umbali wa kila alama kutoka kwenye wastani wa kundi lake, kisha kinauliza kama wastani wa umbali huo unatofautiana kati ya makundi. Brown na Forsythe mwaka 1974 wakapendekeza umbali upimwe kutoka kwenye alama ya katikati badala ya wastani, ili data iliyoegemea upande mmoja isikihadae. Ni kipimo kizuri. Shida ni kazi tunayokipa.

Ukiwa na watu wanane kwa wanane, Levene hana macho. Mkengeuko mmoja unaweza kuwa mara mbili ya mwingine na mara nyingi akasema hajaona kitu. Wewe unasoma "p kubwa kuliko 0.05" kama cheti kwamba variansi ni sawa, wakati maana yake ni kwamba ushahidi haukutosha. Ukiwa na watu elfu mbili kwa elfu mbili, anaona hata tofauti isiyo na madhara. Kwa hiyo anakosa pale unapomhitaji, anapiga yowe pale usipomhitaji.

La pili ni zito zaidi. Ukichagua kipimo cha mwisho kwa kutazama jibu la kipimo cha kwanza kwenye data hiyohiyo, kiwango chako cha kukosea si tena 0.05 ulichoandika. Donald Zimmerman alilifanyia kazi suala hili, na makala yake ya mwaka 2004 inaonyesha kwamba mtindo wa hatua mbili haulindi kiwango cha kosa, na kwamba kwenda moja kwa moja kwa Welch kunakilinda vizuri zaidi, hasa idadi zikitofautiana. Na mwanatakwimu George Box aliliona mapema sana. Mwaka 1953, akizungumzia kipimo cha Bartlett, kingine cha kupima usawa wa variansi, ambacho huyumba vibaya data isipofuata umbo la kengele (wengi katikati, wachache pembeni), alisema kupima variansi kwanza ni kama kuingia baharini na mtumbwi wa makasia ili kujua kama maji yametulia kiasi cha kuiruhusu meli kubwa itoke bandarini.

Mzee wa darasa

Marahaba. Hoja ya Box naijua, na nakubali Bartlett si wa kutegemewa. Lakini hujanijibu moja: variansi zikiwa kweli sawa, Welch anakupunguzia nguvu, yaani uwezo wa kugundua tofauti iliyopo. Huo ni ukweli.

Mwenye uzi

Ni ukweli, mwalimu, na sitaki kuufunika. Kwa watu 10 na 40, mikengeuko yote ikiwa sawa, digrii za uhuru za Welch ni karibu 14 badala ya 48. Kizingiti cha t, yaani t ya chini kabisa ya kutangaza tofauti, kinapanda kutoka 2.01 hadi 2.15. Unalipa kitu. Kwa 25 na 25 zenye mikengeuko sawa hulipi chochote, digrii zinabaki 48. Na makundi yakiwa madogo mno, ya watu watatu au wanne, digrii za Welch zenyewe zinayumba, kwa sababu variansi iliyokadiriwa kwa watu watatu ni ya kubahatisha.

Ila nikiweka mizani, upande mmoja kizingiti cha 2.15 badala ya 2.01, upande mwingine kosa la mara 1 kati ya 4. Mimi nimechagua. Sababu ya tatu ni kwamba mara nyingi hatuna msingi wa kudhani variansi ni sawa. Ukimpa binadamu kitu kipya, wengine kinawashika, wengine kinawapita. Kinachobadilisha wastani kwa kawaida hubadilisha na mtawanyiko.

Mzee wa darasa

Sawa. Mwaka huu nitaanza na Welch darasani, kisha nifundishe t ya kawaida kama hali maalumu. Endelea.

Fundi wa programu

Niongeze upande wa vifaa, maana watu wengi hawachagui, wanachaguliwa na programu. Kwenye programu ya R ukiandika t.test bila kugusa kitu, inakupa Welch. Ukitaka ya kawaida ndipo unaandika var.equal = TRUE. Python, kwenye maktaba yake ya SciPy, ni kinyume: ttest_ind hudhani variansi sawa hadi uandike equal_var=False. Excel ina T.TEST ambayo namba ya mwisho ukiweka 2 ni variansi sawa, ukiweka 3 ni variansi tofauti. SPSS inatoa mistari miwili pamoja na Levene pembeni, na wengi hunakili mstari wa juu kwa sababu ndio wa kwanza.

Matokeo yake watu wawili wenye data moja, mmoja kwa R mwingine kwa Python, wanaweza kurudi na majibu mawili na kila mmoja akaapa ametumia "kipimo cha t". Kwenye ripoti andikeni jina kamili.

Mwenye uzi

Fundi, asante sana. Alama kubwa ya kumtambua aliyetumia Welch ni digrii za uhuru zenye desimali. Ukiona 9.5 au 43.8, huyo ni Welch. Ukiona 48 kavu na makundi yamepishana kwa idadi, muulize.

Dada Namba

Kaka, mimi msimamizi wangu aliniambia nikiona variansi hazilingani nikimbilie Mann-Whitney, kwa sababu "hakina masharti". Nimekitumia kwenye sura nzima. Nimeharibu?

Mwenye uzi

Dada, hujaharibu, ila ile "hakina masharti" si kweli, na imewapoteza wengi.

Mann-Whitney hupanga alama zote kwenye foleni moja na kufanya kazi na nafasi zao. Hakihitaji umbo la kengele, hilo ni kweli. Lakini dhana anayoipima ni kwamba makundi yote mawili yanatoka kwenye mgawanyo mmoja, umbo na mtawanyiko ukiwemo. Ukitaka kukisoma kama kipimo cha alama ya katikati, lazima maumbo yafanane. Mitawanyiko ikipishana na idadi zikipishana, kiwango chake cha kosa nacho kinahama, kwa mwelekeo uleule niliomweleza Msoma jedwali. Kukimbia t kwenda Mann-Whitney kwa sababu ya variansi ni kuhama nyumba inayovuja ukaingia nyingine inayovuja.

Na swali lake ni jingine. Kinauliza: nikichukua mtu mmoja kutoka kila kundi bila kuchagua, kuna uwezekano gani wa huyu kumpita yule? Kwenye mfano wangu, kama alama za njia ya zamani zinafuata umbo la kengele, jibu ni karibu 0.64. Sita wa juu wanampita karibu kila mtu, wanne wa chini wanapitwa na wengi. Ni swali zuri na halali. Kama ndilo ulilokuwa unataka, acha sura yako ilivyo na ueleze hivyo. Kama ulitaka kusema "wastani umepanda kwa kiasi fulani", rudi kwa Welch. Ukitaka kubaki na nafasi kwenye foleni huku variansi zinapishana, kuna kipimo cha Brunner na Munzel cha mwaka 2000 kilichotengenezwa kwa hali hiyo, na R na SciPy zote zinacho.

Dada Namba

Nilitaka swali la pili, la uwezekano. Sikujua kwamba ndilo nililouliza. Nitabadilisha maelezo na nitajaribu hicho cha Brunner na Munzel. Asante kaka.

Mwanafunzi wa usiku

Na kubadilisha data kwa logi (logarithimu)? Watu wanasema inasawazisha variansi.

Mwenye uzi

Inasawazisha pale mtawanyiko unapokua pamoja na wastani. Kundi moja lina wastani 10 na mkengeuko 3, jingine wastani 100 na mkengeuko 30: hapo logi ni dawa, kwa sababu kinachofanana ni uwiano. Muda wa kumaliza kazi mara nyingi huwa hivyo. Kwenye mfano wangu haingesaidia kitu. 62 na 54 ziko karibu, mtawanyiko haukutokana na ukubwa wa alama, ulitokana na watu kugawanyika. Logi ingewavuta wale wanne wa chini mbali zaidi.

Pia ukishaingia kwenye logi, tofauti unayoipata ukiirudisha ni uwiano, si idadi ya alama. Lazima umwambie msomaji.

Mtafiti wa makundi mengi

Mkuu nina makundi manne. Nimefanya anova (kipimo cha kulinganisha wastani wa makundi zaidi ya mawili) halafu Tukey (cha kulinganisha makundi mawili mawili). Mkengeuko mdogo ni 4, mkubwa ni 13, na kundi lenye 13 lina watu 9 tu kati ya 90.

Mwenye uzi

Hiyo ni hali yangu ya watu kumi, imeongezwa ukubwa. Anova ya kawaida inachanganya variansi za makundi yote manne kuwa moja, kwa hiyo watu wako 9 wamefunikwa na 81. Tumia anova ya Welch, ya mwaka 1951. Kwenye R ni oneway.test, na kwa chaguo lake la mwanzo haidhani usawa.

Ila angalia mtego hapa, na ni wa kawaida sana: mtu anafanya anova ya Welch kwa uangalifu, kisha kwa kulinganisha wawili wawili anarudi kwa Tukey. Tukey anatumia variansi ileile ya kuchanganya uliyoikimbia. Kulinganisha kundi la mkengeuko 4 na la 5 kutabeba mzigo wa kundi la 13 lisilohusika, na kulinganisha lile la 13 kutapewa uhakika usiostahili. Tumia Games-Howell, ya mwaka 1976, ambayo kila jozi hubeba variansi zake mbili na digrii zake.

Wenye regresheni (kukadiria matokeo kwa vigezo kadhaa kwa pamoja) nao, wakiwa na makundi pamoja na vigezo vingine, watumie makosa sanifu ya Halbert White ya mwaka 1980, yasiyodhani variansi sawa, na sampuli ikiwa ndogo wachague aina ya HC3.

Msoma jedwali

Mimi sijaelewa jambo moja. Kama kasoro hii imejulikana tangu miaka hiyo, kwa nini kipimo cha kawaida ndicho kilichotufikia?

Mwenye uzi

Kwa sababu kilikuja mapema na kilikuwa na jibu kamili. William Gosset, aliyefanya kazi kwenye kiwanda cha Guinness mjini Dublin, alichapisha kazi yake mwaka 1908 kwa jina la "Student". Fisher akaijenga zaidi na kuieneza. Ukidhani variansi ni sawa, hesabu inafunga vizuri: t inafuata mgawanyo unaojulikana, na jedwali moja linatosha. Ukiondoa dhana hiyo, mgawanyo unategemea uwiano wa variansi mbili usiozijua. Tatizo hilo likaitwa la Behrens na Fisher, Behrens akiwa ameandika mwaka 1929, na wakubwa wakabishana juu yake miaka mingi. Suluhisho la Welch, lililokomaa mwaka 1947, ni la kukadiria. Enzi za kuhesabu kwa mkono na kusoma jedwali lililochapishwa, digrii za uhuru 9.5 zilikuwa usumbufu mtupu. Leo kompyuta haijali desimali, ila vitabu vya kufundishia na chaguo za mwanzo za programu hubadilika polepole.

Mpima athari

Ukubwa wa athari je? Jarida linanitaka nitoe d ya Cohen.

Mwenye uzi

Swali gumu, na wengi hawalioni. D ni tofauti gawanya kwa mkengeuko. Mkengeuko upi? Kwa data yangu, ukitumia wa kuchanganya, 8 ÷ 7.9 ni 1.01. Ukitumia wa kundi la zamani, kama Gene Glass alivyopendekeza, 8 ÷ 5 ni 1.6. Ukichukua wastani wa variansi mbili bila kujali idadi, 8 ÷ 11.2 ni 0.72. Data moja, "athari" tatu, na mtu anaweza kuchagua inayompendeza.

Mimi huanza na alama zenyewe: tofauti ni 8, na masafa ya uhakika ya asilimia 95 (eneo ambalo tofauti halisi huenda imo) kwa Welch ni kuanzia −2.8 hadi 18.8. Msomaji anaona papo hapo kwamba huenda njia mpya inapunguza alama kidogo, huenda inaongeza karibu 19. P ya 0.13 haikuthibitisha kwamba njia mbili ni sawa, ilisema tu watu kumi hawatoshi kuamua. Kama jarida linashikilia d, kwenye kazi ya kulinganisha kitu kipya na cha zamani nachagua ya Glass, nasema nimegawa kwa nini, na naweka mikengeuko yote miwili pembeni.

Na hapa ndipo ninapotaka kusisitiza kuliko kote kwenye uzi huu. Tumezoea kuongea juu ya variansi tofauti kama kikwazo cha kurukwa ili tufike kwenye wastani. Kwenye kazi yangu ile, mikengeuko ya 15 na 5 ndiyo iliyokuwa habari yenyewe. Njia mpya haikuwapandisha watu alama 8. Iliwagawa. Niliporudi kuuliza, wale wanne wote hawakuwa wamepitia somo la utangulizi ambalo njia mpya ilichukulia kwamba kila mtu analo. Nikaandika ripoti ya pili na kueleza kosa la ya kwanza, wakaongezewa somo hilo. Kama ningetumia Welch peke yake bila kutazama alama, ningeandika "hakuna tofauti ya maana" na ningekosea kwa namna nyingine.

Mwanafunzi wa usiku

Wakuu nimerudi na ushuhuda. Baada ya kusoma hapa nimeenda kwenye data yangu: dakika za kumaliza kazi, kundi A watu 30, wastani 44, mkengeuko 10. Kundi B watu 12, wastani 86, mkengeuko 124. Nilikuwa tayari nimeandika "variansi hazilingani, tumetumia Welch", t ni 1.17, hakuna tofauti. Nilitaka kufunga.

Kisha nikachora nukta moja kwa kila mtu. Kumi na moja zimekaa pamoja chini, moja iko juu kabisa peke yake: 480. Nikarudi kwenye karatasi iliyojazwa kwa mkono. Ni 48. Sifuri imeongezwa wakati wa kuingiza.

Baada ya kusahihisha, kundi B ni wastani 50, mkengeuko 9. Welch sasa ni t ya 1.89, digrii 22.5, p 0.07. Niko kwenye njia panda. T ya kawaida nimeijaribu nayo haivuki 0.05.

Mwenye uzi

Ndugu yangu, umefanya kazi nzuri sana kurudi kwenye karatasi. Sasa usijaribu kipimo cha tatu. Tofauti ni dakika 6, masafa ni kuanzia −0.6 hadi 12.6. Andika hivyo hivyo, weka mchoro wa nukta zako 42, na eleza kwenye sura ya mbinu kwamba 480 ilikuwa 48 na uliithibitishaje. Halafu kabla hujafunga, pitia na zile karatasi 41 nyingine, kwa sababu makosa ya kuingiza yasiyofika 480 hayaonekani kwenye mchoro.

Mwanafunzi wa usiku

Nazitoa kwenye jalada sasa hivi.